Bosi akishakuwa na "watu wake" kazi inakufa kimya kimya, niliyoyaona godauni miaka sita

Mleta uzi

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Naandika usiku nimetoka shifti niko Gongo la Mboto, nikiruka ruka mnisamehe. Kuna jambo limenikaa kifuani miezi kadhaa na leo naliweka hapa maana najua humu wamo wanaoongoza na wanaoongozwa.

Nimefanya kazi miaka sita kwenye godauni moja Barabara ya Nyerere, ukitoka Tazara unaelekea uwanja wa ndege, jina naliacha. Tulikuwa tunapokea mafuta ya kula, sabuni, sukari na vinywaji, tunapakia kenta na fuso zinaenda Morogoro, Kibiti, Lindi, na mzigo mwingine unaishia maduka ya jumla Kariakoo. Ukijumlisha vibarua wa siku tulikuwa kama thelathini. Nilianza kubeba mzigo, nikawa karani wa getini, sasaivi ni supavaiza sehemu nyingine Chang'ombe nina watu 14 chini yangu.

Pale nilipitia mabosi wawili. Jengo lile lile, mishahara ile ile, foklifti ile ile mbovu ya kuwasha kwa kusukuma, watu karibu wote wale wale. Ila kazi ilikuwa tofauti kama vile umehama kampuni.

Bosi wa kwanza watu wakimsikia wanadhani alikuwa mkali, hapana, kwa watu wake alikuwa mpole kabisa. Alikuwa na wanne. Hao anakunywa nao chai, anajua watoto wao wanasoma wapi, wakichelewa anasema foleni ya Buguruni leo mbaya. Sisi wengine ukichelewa dakika kumi unasimama getini unaangaliwa kama mwizi. Ovataimu inaandikwa kwa hao kwanza, safari za kusindikiza mzigo mkoani zenye posho ni zao. Na hawakuwa wachapakazi zaidi yetu, walikuwa ndo wanaompelekea habari. Nani kasema nini wakati wa chakula, nani kapiga simu anatafuta kazi kwingine. Chawa, kwa lugha ya siku hizi. Ikafika mahali yule bosi anajua kila neno lililosemwa kwa mama ntilie alafu hajui kwamba bati la kona ya nyuma linavuja na sukari inalowa.

Kuna siku foklifti ilichoma paleti la mafuta, ndoo za lita 20, zikapasuka kadhaa. Waliokuwepo walikuwa watatu, hakuna aliyekwenda ofisini. Kwanini? Kwa sababu mwezi mmoja nyuma kijana mmoja alienda mwenyewe kusema kadondosha katoni, akatukanwa mbele ya vibarua na mshahara ukakatwa bila karatasi yoyote. Kwaiyo hawa watatu wakazisukuma zile ndoo nyuma kabisa ya safu, wakapanga nzima mbele, wakafuta sakafu, maisha yakaendelea. Mafuta yakachuruzika taratibu mpaka kwenye katoni za sabuni za chini yake. Tulikuja kugundua siku ya kuhesabu stoo wiki tatu baadae, na hasara ya ndoo chache ikawa imeshakuwa hasara ya safu nzima. Mimi nilijua, wakuu. Nilijua tangu siku ile ile na nilinyamaza, na mpaka leo sioni fahari.

Bosi akaondoka akaja dada mmoja, umri kama 35 hivi. Tulikuwa na mzee wa stoo wa miaka 57, mtu wa Mbagala, mzito wa maneno, bosi wa kwanza alikuwa anamwita kwa kidole. Huyu dada asubuhi ya kwanza akamfata mzee kwenye kiti chake, "shikamoo mzee". Mzee alichelewa kuitikia kwa mshangao. Najua wengine mtasema hiyo ni adabu tu ya kawaida, lakini pale ndani watu walisimama kuangalia, maana tulishazoea kwamba cheo kinafuta umri.

Alafu akawa na tabia moja. Kila asubuhi kabla hajaingia ofisini anapita safu zote mpaka nyuma kule vibarua wanakobadilishia nguo, na hakuwa anauliza "kuna tatizo?" Si mnatujua watu wa Dar, ukiuliza kuna tatizo jibu ni "hamna shida bosi" hata kama nyumba inaungua. Yeye anauliza "jana kimeharibika nini?" Yaani anachukulia kwamba lazima kuna kitu kimeharibika, kazi yako ni kumwambia kipi. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili kibarua mmoja, tena wa siku, akasema alidondosha ndoo mbili. Wote tukaacha kufanya kazi tunasubiri mvua ya matusi. Dada akaandika kwenye daftari, akaomba aonyeshwe ilivyokuwa, ikaonekana paleti lenyewe limeoza mbao. Akasema paleti zote zenye mbao zilizooza zitolewe nje siku ile ile. Kijana hakukatwa hata mia.

Sasa hapa ndo nataka mnielewe. Mwezi ule daftari la mzigo ulioharibika lilijaa kuliko mwezi wowote. Makao makuu wakaja na karatasi zao, mbona tangu uje uharibifu umepanda? Nilikuwepo getini nasikia. Kidogo wamtoe. Akawajibu vitu vilikuwa vinavunjika hivo hivo tangu zamani, tofauti ni kwamba sasa vinaandikwa, nipeni mpaka hesabu ya stoo ya robo mwaka. Ilipofika hesabu, upungufu ulikuwa mdogo kuliko nilivyowahi kuona miaka yangu yote pale.

Na hakuwa laini, msije mkadhani. Alifukuza mtu aliyekamatwa na mzigo, kwa barua na kikao kabisa, na tuliona sawa. Kibarua mmoja wa Chamazi alipofiwa na mke, dada alikuja msibani, akakaa kwenye jamvi na kina mama mpaka maziko, hakutuma tu rambirambi.

Sasa kilichonifanya niandike. Mimi nasoma chuo jioni, mwalimu akatufundisha kuhusu mtafiti wa uongozi George Graen na wenzake, mwaka 1975 walichapisha utafiti walioufanya Marekani kwenye idara ya makazi ya chuo kikuu, wakafuatilia mabosi na watu wao kwa miezi 9. Kabla yao ilionekana bosi ana tabia moja kwa wote, mkali au mpole. Wao wakakuta bosi yule yule ana uhusiano tofauti na kila mtu, kuna kundi la ndani analolipatia uhuru na habari na kazi nzuri, na kundi la nje linalopewa amri tu na linafanya kile kilichoandikwa kwenye mkataba basi. Na huo mgawanyo unajengeka mapema sana. Nikiwa nasikiliza nikaanza kuhesabu watu wangu 14 kichwani. Ninaokunywa nao chai ni watano. Watano wale wale kila siku. Na ndo ninaowapangia shifti nzuri, sikukusudia, lakini ndo hivo. Mwili ukanisisimka.

Naombeni mawazo. Mtu unakuwaje karibu na wote bila kazi kulegea?

Fundi wa Saiti

Mkuu uzi mzuri ila mi ntapingana na wewe. Niko kwenye ujenzi miaka 15, nimesimamia saiti Mbezi, Goba, mpaka Kibaha. Ukicheka na nyani utavuna mabua. Hao vibarua ukiwaonyesha urafiki kesho simenti inapungua mifuko na kila mtu ana msiba. Kwenye saiti bosi lazima awe na watu wake wawili watatu anaowaamini, huwezi kuamini watu hamsini. Huyo dada wako alibahatika kupata watu wazuri.

Mleta uzi

Fundi nakuheshimu ila watu walikuwa wale wale, ndo maana nimeanza na hilo. Wale watatu walioficha ndoo, wawili wao baadae ndo walikuwa wa kwanza kuripoti vitu. Na kuamini watu wawili watatu sina ugomvi nako, ugomvi wangu ni pale hao wawili watatu wanapokuwa ndo macho na masikio yako pekee. Simenti ikipungua na wao ndo wanaiuza, nani atakwambia?

Fundi wa Saiti

Hapo umenigusa. Imeshanitokea. Aliyekuwa anauza nondo alikuwa mtu ninayemwachia funguo. Mafundi wengine walijua miezi miwili.

Nesi Zamu ya Usiku

Mleta uzi hiyo ya daftari kujaa imenifanya niweke simu chini nivute pumzi. Mimi ni muuguzi, hospitali siitaji. Kuna mtafiti wa Harvard anaitwa Amy Edmondson, miaka ya 90 alikuwa anaangalia makosa ya dawa kwenye timu za wodi. Alitegemea timu zenye uongozi mzuri na maelewano ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume, timu nzuri ndo zilionekana kuwa na makosa mengi. Akakaa nalo mpaka akaja na jibu kwamba timu nzuri hazikosei zaidi, zinasema zaidi. Kwenye wodi zenye msimamizi wa kutisha makosa yanafichwa. Alichapisha 1996, alafu 1999 akaja kuandika vizuri juu ya hiyo hali ya mtu kujisikia salama kusema jambo mbele ya wenzake bila kudhalilishwa. Ni godauni lako kabisa, ila kwetu kinachochuruzika sio mafuta.

Ntasema langu. Nikiwa mgeni kazini niliona kipimo cha dawa ya mtoto kimeandikwa juu kuliko kawaida. Aliyeandika alikuwa mkubwa, na siku mbili kabla nilimsikia akimwambia mwenzangu mbele ya ndugu wa mgonjwa "wewe umesomea wapi?" Nilikaa na ile karatasi mkononi dakika nzima najiuliza nimuulize nisimuulize. Dakika nzima, kwa kitu ambacho kilitakiwa kichukue sekunde. Nilienda kwa sista mwingine wa zamu akaenda yeye, kikarekebishwa, mtoto yuko salama. Lakini ile dakika siisahau. Sikuwa nawaza mtoto, nilikuwa nawaza nitakavyoaibishwa. Mnaoongoza watu naomba mjue kwamba ukali wenu wa Jumatatu ndo unaoamua Jumatano mtu atasema au atanyamaza.

Kuli Mstaafu

Nesi Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili.

Afisa Utumishi wa Binafsi

Naongeza kwenye hilo la kukata mshahara maana watu wengi hawajui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inaruhusu mwajiri kukata kwa ajili ya hasara lakini sio kiholela. Lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, apewe kwa maandishi sababu na kiasi na hesabu ilivyopigwa, apewe nafasi ya kupinga, deni lisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Bosi anayesema tu "ndoo hiyo unalipa" getini anavunja sheria.

Lakini niseme kitu kingine nilichokiona nikiwa HR. Watu wakija ofisini kwangu kuacha kazi huwa wanaandika barua "sababu binafsi". Ukimkalisha ukampa maji anakwambia ni supavaiza. Mshahara wanaulalamikia wote, wanaobaki na wanaoondoka, ila anayeondoka ghafla katikati ya mwezi mara nyingi kuna siku alidharauliwa mbele za watu.

Mtumishi wa Umma

Huku serikalini tulikuwa na OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, tangu 2004. Wazo lake lilikuwa zuri kweli, wewe na msimamizi wako mnakaa mnakubaliana malengo ya mwaka, nusu mwaka mnaangalia mmefika wapi, mwisho wa mwaka mnapeana alama. Ilivyokuwa kwenye ofisi niliyopitia ni kwamba Juni inafika watu wanakimbizana na fomu, unajijazia alama, bosi anasaini bila kukuangalia usoni. Ile fomu ilitakiwa iwe mazungumzo, sisi tukaifanya karatasi. Sasaivi tuko kwenye PEPMIS, unaingiza kazi zako kwenye mfumo na msimamizi anaidhinisha huko huko. Mfumo una faida zake, kazi inaonekana. Ila bosi niliyenaye sasa anatuita kila mmoja dakika kumi na tano kabla ya kuidhinisha, anauliza wapi umekwama, na ofisi yetu imebadilika kwa hizo dakika kumi na tano.

Mzee wa Keko

Vijana hamjambo. Haya mambo sio mageni mjini hapa. Mwongozo wa TANU ulitoka Februari 1971, na kifungu cha 15 kilisema wazi kwamba kiongozi asiwe na majivuno, asiwe mfujaji, asidharau watu wala kuwaonea. Wafanyakazi wa viwandani walikikariri kile kifungu kuliko mabosi wao walivyokikariri. Miaka ile ikaja migomo Dar, na mingi haikuwa ya mshahara, ilikuwa ya lugha na dharau za mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda wakasema sisi tutaendesha. Hebu fikirini, mtu hakatai kazi, anataka kuifanya, anachokataa ni namna anavyoongozwa.

Marehemu baba yangu alikuwa kiwandani miaka hiyo, pengine tofauti na hapo. Alikuwa anatuambia meneja wao alikuwa haitikii salamu. Anapita tu. Baba alisema siku ambayo mashine imeanza kutoa sauti mbaya fundi mmoja alimwona meneja anapita, akafungua mdomo, akaufunga. Mashine ikafa jioni.

Dada wa Kaunta

Mi nataka tuongee na upande wa pili, sisi wafuasi. Nafanya kazi sehemu ya fedha mjini kati. Nilikuwa kundi la nje miaka miwili na naomba niseme ukweli, nilichangia. Nilishaamua huyu bosi hanipendi kwaiyo nafanya ya kwenye mkataba saa kumi na moja nikafate mwendokasi Kivukoni. Naona kosa nanyamaza, sio kwa woga, kwa hasira. Wateja ndo walikuwa wanaumia.

Mwandishi wa mambo ya uongozi Robert Kelley mwaka 1988 aliwagawa wafuasi kwa mambo mawili, mtu anafikiri mwenyewe au hafikiri, na anajituma au amekaa tu. Nilivyosoma nikajiona, nafikiri lakini nimekaa pembeni nimenuna. Na chawa nao wamo humo, anajituma sana ila hafikiri mwenyewe, bosi akisema mchana ni usiku anawasha taa. Yule anayefikiri na kujituma ndo anayemwambia bosi "hapa utakosea" alafu anabaki kusaidia. Nilipoanza kumwambia bosi wangu vitu kwa adabu, ofisini kwake mlango umefungwa na sio mbele ya watu, ilichukua muda ila alibadilika, akaanza kuniuliza kabla. Najua sio mabosi wote wako hivo, wengine ukiwaambia ndo umejimaliza. Lakini wengine hakuna aliyewahi kuwajaribu.

Afisa Utumishi wa Binafsi

Dada hilo la mlango umefungwa lishike kila mtu humu. Huku kwetu heshima ya mtu ni kitu kikubwa, ukimsahihisha mbele za watu hata kama una haki umeshampoteza, awe bosi awe mfagiaji.

Mleta uzi

Nimerudi wakuu, wiki imepita, asanteni wote. Mzee wa Keko hiyo ya fundi kufunga mdomo imenifata mpaka kitandani.

Nilichofanya ni kidogo. Chai sijaacha kunywa na wale watano, wamekuwa marafiki zangu na sioni sababu ya kuwakimbia. Ila nimehamisha saa. Chai ya saa nne sasaivi nainywa kule nyuma kwenye mzani, ambako nilikuwa siendi, na ratiba ya shifti nimeibandika ukutani inazunguka kwa zamu badala ya kukaa kichwani kwangu. Wawili kati ya wale watano wamenuna. Mmoja kaniambia nimebadilika. Nimemwambia ndio. Na kila asubuhi nauliza lile swali la dada, jana kimeharibika nini. Siku tatu za mwanzo nilijibiwa hamna shida bosi.

Alhamisi yule mzee wa mzani, ambaye mwaka mzima tulikuwa tunasalimiana tu tunapita, akaniita pembeni. "Kijana wangu, huu mzani una kilo mbili za uongo tangu Pasaka." Nikamuuliza mzee mbona hukuniambia siku zote hizo? Hakukasirika, akaniangalia tu. "Ulikuwa unawauliza wale wa chai."

Mzani nimeusimamisha kutumika, Jumatatu naenda Wakala wa Vipimo kuomba waje wauhakiki.